UZI: Dari za Belvedere House, Dublin, na watoto waliokuja kusoma chini yake

#1 Mwiko Mkononi

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi lipu. Nilianzia Buguruni nikimbebea maji na mchanga fundi aliyenilea, na sasa huu ni mwaka wa sita niko Dublin, Ayalandi, na kundi la mafundi wanaokarabati lipu za nyumba za kale. Kila asubuhi nikienda kazini napandisha North Great George's Street. Mtaa wenyewe ni wa mwinuko, nyumba za matofali zimeshikana kuta kushoto na kulia, na pale juu unapoishia kuna nyumba moja imesimama katikati ya macho yako kama mwenyeji anayekungoja mlangoni. Waliiweka hapo makusudi: yeyote anayepanda mlima aione kabla ya nyingine zote.

Hiyo ndiyo Belvedere House, iliyokamilika mwaka 1786. Leo ni sehemu ya shule ya wavulana, Belvedere College. Nimekuwa nikiisoma habari yake muda mrefu, kwanza kwa sababu ya dari zake, halafu nikajikuta nimezama kwa wenyewe waliokaa humo. Leo Jumapili mvua haikatiki, nitaandika. Itakuwa ndefu, naomba tuvumiliane.

Mwenye nyumba aliitwa George Rochfort, Earl wa pili wa Belvedere. Earl ni cheo cha ukabaila, kinarithiwa baba kwa mwana. Mashamba ya ukoo yalikuwa Westmeath, katikati ya nchi, na kodi za wapangaji waliolima huko ndizo zilizowaweka mjini. Dublin ya wakati huo ilikuwa na Bunge lake, na wenye mashamba walikuja kukaa mjini msimu wa vikao: kuwakaribisha wenzao, kuoza mabinti, kutafuta vyeo. Nyumba ya mjini ilikuwa jukwaa lao. Ndiyo maana ghorofa ya kwanza, ile ya kupokelea wageni, ndiyo yenye madirisha marefu kuliko yote, na kadiri unavyopanda madirisha yanapungua kimo, mpaka juu kabisa walikolala watumishi. Ukisimama nje unaweza kusoma nani alikuwa nani bila kuingia ndani.

Naendelea kidogo baadaye, nipike kwanza.

#2 Nyota ya Kigoma

Nimeweka kiti mbele. Ila mkuu nifafanulie, nimesoma mahali nyumba hizi zinaitwa za "Georgian". Nilidhani ni nchi ya Georgia kule kwa akina Stalin.

#3 Mwiko Mkononi

Hapana ndugu yangu, ni jina la wafalme. Uingereza ilitawaliwa na akina George wanne wakifuatana, wa kwanza hadi wa nne, kuanzia 1714 hadi 1830, na Ayalandi ilikuwa chini yao. Nyumba za kipindi hicho zikachukua jina lao. Zina sura ya kutambulika: uso wa matofali ulionyooka usio na mapambo mengi, madirisha ya kusukuma juu na chini yenye vioo vidogo vidogo, na juu ya mlango dirisha la nusu duara la kuingiza mwanga ukumbini. Jiko liko chini ya usawa wa barabara. Ghala la makaa ya mawe liko chini ya njia ya waenda kwa miguu, na mpaka leo mitaa mingi ina vifuniko vya chuma vya duara pale makaa yalipomwagwa. Mkaa haukupita mlangoni.

Kwa hiyo nje nyumba iko kimya. Fedha yote imelala ndani, na ndani ukitaka kuiona fedha inua kichwa.

#4 Mama Tatu

Na huyo Rochfort si ndiye yule aliyemfungia mkewe? Nilisikiliza simulizi moja wakasema mzimu wa yule mama unatembea kwenye hiyo shule usiku.

#5 Mwiko Mkononi

Dada, hapo watu wengi wanachanganya, na nilikuwa naelekea huko huko.

Aliyemfungia mkewe ni baba yake, Robert Rochfort, Earl wa kwanza. Mwaka 1736 alimwoa Mary Molesworth, binti wa miaka kumi na sita. Baada ya miaka michache akamtuhumu kuwa na uhusiano na mdogo wake yeye Robert, anaitwa Arthur. Hakumpa talaka. Alimfungia katika nyumba ya ukoo iliyoitwa Gaulstown, Westmeath, yeye mwenyewe akahamia jumba jipya kando ya ziwa Ennell. Yule mama akakaa kifungoni miaka kama thelathini. Arthur alishtakiwa, akakimbia nchi, aliporudi akawekwa gereza la wadaiwa na akafia humo.

Tena Robert alikuwa na ndugu mwingine, George, aliyejenga jumba jirani, kubwa kuliko lake. Robert akajenga ukuta mkubwa wenye madirisha ya uongo, umetengenezwa ufanane na gofu la kanisa la kale, kazi yake kuziba tu asilione jumba la nduguye. Ukuta upo mpaka leo, unaitwa Ukuta wa Wivu.

Robert akafa 1774. Ndipo Mary akatolewa, na mmoja wa waliomtoa ni mwanawe, huyu George wetu aliyerithi cheo. Sasa hesabu: mama katoka 1774, nyumba ya Dublin imekamilika 1786. Kifungo chake hakikuwa katika nyumba hii. Mzimu wake ukitembea, utembee Westmeath.

Mimi huwa nafikiri juu ya huyo mtoto. Amekua akijua mama yake yu hai, amefungiwa, na haruhusiwi kutoka. Kisha anapata fedha, na anajenga nyumba iliyojaa mwanga.

#6 Mama Tatu

Miaka thelathini. Mungu amrehemu. Ahsante kwa kunyoosha.

#7 Mwiko Mkononi

Sasa dari, na hapa mnisamehe nitakaa sana maana ndiyo kazi yangu.

Aliyeifanya kazi ni Michael Stapleton, fundi lipu aliyekuwa juu ya wenzake wote Dublin miaka ile. Vyumba vitatu vikuu vya ghorofa ya kwanza vilipewa majina ya miungu ya Warumi ambao aliwachora darini: Venus, Diana na Apollo. Apollo ni chumba cha muziki, Diana ni maktaba.

Siku hizi dari tunafunga bodi za jasi kwa skrubu, chumba kimoja nusu siku umemaliza. Wale walipigilia fito nyembamba za mbao chini ya maboriti, fito na fito zikiachana kidogo tu. Chokaa iliyozimwa na kulazwa muda mrefu inachanganywa na mchanga na singa za ng'ombe au farasi. Unaisukuma kwa mwiko kwenda juu mpaka ipenye kati ya fito, na ikishapenya inavimba upande wa pili na kujikunja kama vidole vinavyoshika tawi. Vidole hivyo ndivyo vinavyobeba dari lote. Singa ndizo nondo zake. Tabaka la kwanza likikauka unaweka la pili, halafu la tatu laini la kumalizia. Nikiitwa leo kwenye dari lililolegea, kitu cha kwanza ninachofanya ni kulibonyeza taratibu kwa kiganja kuona kama vidole bado vinashika. Unalisikia mkononi. Dari lililokufa linapumua.

Mapambo yanakuja juu ya hapo. Mafundi wa kizazi cha kabla yake, kama Robert West, walifinyanga kwa mkono palepale juu ya jukwaa: ndege waliotokeza shingo ukutani, matunda, mawimbi. Nyumba namba 20 ya Lower Dominick Street bado ina ndege wa West, ukiwaona unaogopa wataruka. Stapleton alikuwa mtu wa mtindo mpya uliotoka kwa Robert Adam wa Uskoti: mistari myembamba, mashada ya majani, vikombe, picha ndani ya duara, kila kitu chepesi na kimepimwa. Vingi vilimwagwa kwenye kalibu za mbao, vikatolewa vikiwa vizima, vikabandikwa. Wapo wanaosema kalibu ni njia ya mkato. Waje wajaribu kupanga mashada mia mbili kuzunguka duara bila mshono mmoja kuonekana kutoka chini.

Michoro yake mingi ya kazi imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Ayalandi. Karatasi za fundi lipu, miaka zaidi ya mia mbili! Sisi tunachora sakafuni kwa chaki na jioni tunafagia.

#8 Kasri la Mkunguni

Shukran sana kaka. Mimi ni wa Lamu, na hiyo chokaa unayoisema ndiyo ya zidaka zetu, vile vishubaka vya ukutani. Babu yangu alikuwa akichonga nakshi ya ukuta lipu ikiwa bado na unyevu, ikikauka huna la kufanya. Hao walikuwa wakichonga au ni kalibu tupu?

#9 Mwiko Mkononi

Shikamoo kwa babu, hiyo kazi ya Lamu ni ngumu kuliko yetu. Hapa ni vyote viwili: kinachojirudia kinatoka kwenye kalibu, na sura za watu au kitu cha pekee kinamaliziwa kwa mkono. Mikanda mirefu ya pembeni inavutwa: unakata bati kwa umbo unalotaka, unalipitisha juu ya lipu mbichi ukifuata ubao, mara nyingi tena na tena, mpaka mstari utoke. Mkono ukitetemeka mara moja unaanza upya.

#10 Mtemi wa Igunga

Mkuu kazi nzuri, lakini mimi niseme linaloniuma. Tunasifu dari wakati umesema mwenyewe fedha ilitoka kwa wakulima wapangaji. Kuna Muayalandi alikuwa analala njaa ili Earl apate Venus juu ya kichwa chake. Hilo tusilipite.

#11 Mwiko Mkononi

Halipiti, Mtemi, na ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Ayalandi ya miaka ile walio wengi walikuwa Wakatoliki, na ardhi na madaraka yalikuwa kwa Waprotestanti wachache. Kulikuwa na sheria za kuwabana. Sheria ya 1695 ilimkataza Mkatoliki kufundisha shule, na ikakataza kumpeleka mtoto ng'ambo kusoma. Watu wakawa wanafundishana kwa siri, vibandani na kando ya vichaka. Mwaka 1782 sheria ililegezwa, Mkatoliki akaruhusiwa kufundisha kwa kibali cha askofu wa Kiprotestanti. Ni miaka minne tu kabla nyumba hii haijakamilika.

Na Michael Stapleton alikuwa Mkatoliki. Vyama vya mafundi vya Dublin vilimpa Mkatoliki nafasi ya pembeni tu: anatoa ada, anafanya kazi, lakini uanachama kamili na kura zake hapati. Mtu aliyekuwa hodari kuliko wote wa fani yake hakuweza kuhesabiwa mtu kamili ndani ya chama cha fani hiyo.

Sasa shika hilo, nikueleze nyumba ilikwenda wapi.

Mwaka 1800 Bunge la Ayalandi, lenye wajumbe 300 katika baraza la chini peke yake, lilipiga kura ya kujifuta. Tarehe 1 Januari 1801 nchi ikaunganishwa na Uingereza, na kuanzia hapo Ayalandi ikawa inapeleka wabunge 100 London. Makabaila wakawa hawana tena cha kuwaleta Dublin. Wakafunga nyumba, wakauza, wakapangisha. Stapleton akafa mwaka huo huo wa 1801. Earl George akafa 1814 bila mrithi, cheo chake kikafa naye.

Mwaka huo huo wa 1814 Papa alilirudisha shirika la Wajesuiti, mapadre wa Kikatoliki, lililokuwa limefutwa tangu 1773. Mwaka 1829 Wakatoliki wakapata haki ya kuingia Bungeni. Mwaka 1832 Wajesuiti wa Dublin wakafungua shule katika kanisa lililoachwa, Hardwicke Street, hatua chache kutoka kwenye nyumba yetu, wakiwa na wanafunzi tisa. Na 1841 wakanunua Belvedere House.

Miaka 55 tangu ikamilike. Dari alilolitengeneza fundi Mkatoliki kwa ajili ya Earl, sasa limewafunika watoto wa Kikatoliki wanaosoma waziwazi, na mlango wa mbele ndio wanaoingilia. Hao ndio watu wake. Nikipita pale asubuhi nikawakuta wale vijana na mabegi yao, hilo ndilo ninalolifikiria.

#12 Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, umeniamsha. Nimefundisha miaka thelathini na nne, mingi katika madarasa yasiyo na dari kabisa. Lakini niulize: hao mapadre walimwachaje mungu wa kike Venus juu ya vichwa vya wavulana?

#13 Mwiko Mkononi

Shikamoo mwalimu. Hawakumwacha. Walimwondoa.

Apollo yupo na Diana yupo. Venus mwenyewe alikatwa darini kwa sababu alikuwa uchi, wakaona hafai kwa wavulana. Mapambo yaliyomzunguka yamebaki na jina la chumba limebaki. Kwa hiyo kuna Chumba cha Venus kisicho na Venus.

Hawakuwa peke yao. Newman House, St Stephen's Green, ina lipu za 1739 za ndugu wawili kutoka Uswisi, Paolo na Filippo Lafranchini. Nyumba ile ilipofanywa chuo kikuu cha Kikatoliki, wale wanawake wa darini walivishwa nguo za lipu. Hayo kidogo nayaelewa kama fundi: ukimvisha unaweza kumvua, na baadaye walikuja kuvuliwa. Aliyekatwa harudi.

#14 Nyota ya Kigoma

Duh. Huo ni uharibifu, tuite kwa jina lake.

#15 Mwalimu Mstaafu

Nyota, usiwe mwepesi. Mimi ni Mkatoliki na nimekuwa msimamizi wa bweni. Mzazi akikukabidhi mtoto mwaka ule wa 1841, akamkuta anasomea chini ya picha ile, shule inafungwa kesho yake. Mapadre walichagua shule.

#16 Mwiko Mkononi

Mwalimu, nakubali sababu yao na bado mkono wangu unauma. Kuna mtu alipanda jukwaa na patasi akaifuta kazi ya fundi aliyekwisha kufa miaka arobaini nyuma. Ningeitwa mimi ningeomba nimfunike.

Lakini nimeona upande wa pili, na lazima niuseme. Nyumba zilizokosa kazi ya maana zilipata nini?

Henrietta Street, si mbali na pale, ulikuwa mtaa wa maaskofu na mabwana. Namba 14 ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1740. Baada ya makabaila kuondoka ikapitia mikono mingi, mwishowe ngazi kuu ikang'olewa ili vipatikane vyumba vingi zaidi vya kupangisha. Sensa ya 1911 iliwakuta watu 100 katika nyumba hiyo moja. Familia nzima chumba kimoja, chini ya mapambo ya jasi, maji na choo uani. Tarehe 2 Septemba 1913 nyumba mbili za aina hiyo zikaanguka Church Street, zikaua watu saba. Leo namba 14 ni makumbusho, ilifunguliwa 2018, nenda uone rangi ya ukutani ile wanayoiita nyekundu ya Raddle na buluu ya dobi walivyozipaka wapangaji wenyewe.

Au Aldborough House, ya mwisho katika majumba makubwa ya mjini, miaka ya 1790. Hiyo nayo iligeuzwa shule, mwaka 1813, na Gregor von Feinaigle, Mjerumani aliyefundisha mbinu za kukumbuka. Akafa 1819, shule ikaendelea kidogo ikafa nayo. Baadaye ikawa kambi ya askari, halafu mali ya posta, halafu tupu. Wezi wakaiba mabamba ya madini ya risasi yaliyofunika paa, mvua ikaingia. Nimeshasema dari linashikwa na vidole vya chokaa juu ya fito za mbao. Maji yakikaa juu yake msimu mmoja, fito zinaoza, vidole vinaachia.

Belvedere ilikuwa na wavulana wanaopiga kelele, na kwa sababu hiyo ilikuwa na mtu wa kuziba paa.

#17 Mtemi wa Igunga

Hapo nimekuelewa. Na waliosoma pale ni kina nani? Au ndio ikawa shule ya wenye nazo wapya?

#18 Mwiko Mkononi

Mtemi hukosi jambo. Ilikuwa ya kulipia, na wengi walikuwa watoto wa mawakili, madaktari na wafanyabiashara. Mtoto wa namba 14 Henrietta Street hakuwa anakwenda pale.

Ila mlango ulifunguka mara nyingine. Mwaka 1893 James Joyce, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, aliingia bila kulipa ada. Baba yake alikuwa ametapanya mali mpaka familia inahamahama nyumba, na Padre John Conmee, aliyewahi kumwona kijana huyo katika shule ya Clongowes, akampatia nafasi yeye na nduguze. Akakaa mpaka 1898. Akashinda zawadi za fedha za mitihani ya taifa, na 1896 wenzake wakamchagua kuongoza chama cha ibada ya Bikira Maria. Kutoka hapo akaenda kusoma Newman House ile niliyoitaja. Yaani kijana ametoka chini ya lipu ya Stapleton akaenda chini ya ile ya Lafranchini, na nyumbani kwao hakuna kodi ya pango.

Mwingine ni Kevin Barry. Alimaliza pale 1919, akaanza udaktari, akajiunga na wapigania uhuru. Alinyongwa gereza la Mountjoy tarehe 1 Novemba 1920. Miaka kumi na minane.

#19 Mama Tatu

Kaka, dada yangu yuko Cork na mwezi wa kumi na mbili naenda kumtembelea. Nikifika Dublin naweza kuingia nikaziona hizo dari?

#20 Mwiko Mkononi

Karibu sana dada. Belvedere ni shule inayofanya kazi, watoto wapo ndani, usibishe hodi tu. Uliza kwa barua mapema kama wana siku ya wageni.

Lakini usiondoke mikono mitupu. Namba 35, North Great George's Street, ilijengwa 1784 kwa ajili ya Earl wa Kenmare, lipu yake ni ya Stapleton vilevile. Ilikuwa imehukumiwa kubomolewa, wenyeji wakapigania, Seneta David Norris akiwa mbele yao, na 1996 ikafunguliwa kuwa kituo cha kumbukumbu ya Joyce. Hiyo unaingia kwa tiketi. Ingia chumba cha ghorofa ya kwanza, simama katikati, usitazame vitabu kwanza, tazama juu. Angalia pembeni kabisa pale mkanda unapokutana na ukuta, uone kama utaupata mshono.

Halafu toka nje uangalie juu ya mlima. Utaiona.

Nitumie ujumbe tarehe zikikaribia. Jumapili huwa nipo, nitakusubiri chini ya mtaa tupande wote.